Mtaa Ulio Kati ya Nukta Mbili

Mashine haioni mji. Naanza na hilo kwa sababu hakuna aliyenianzia nalo mimi, na ningeambiwa mapema huenda ningekwenda kusomea ushonaji. Mashine inaona nukta. Unaichorea mji miraba, kwenye kila kona ya mraba unaweka nukta, kila nukta unaipa urefu wa ardhi yake na kina cha maji yake, basi. Yaliyomo katikati ya mraba, nyumba, mbwa, mwanamke anayeanika kanga, mtu aliyesimama njiani akijaribu kukumbuka alichotumwa, hayo mashine haina habari nayo. Ukiiuliza habari zake itatazama nukta ya huku, itatazama nukta ya kule, itajumlisha, itagawa, halafu itakupa jibu bila kusita: hapo katikati pako hivi. Haitasema kwamba haijui. Na watu wanaoweza kusema hivyo katika mji wetu nao walikuwa wamepungua sana.

Mji wetu sitautaja. Jina lake liliandikwa mahali pamoja tu, kwenye geti la chuo, na kadiri ulivyokwenda mbali na geti ndivyo jina lilivyofifia, mpaka huko chini nilikokulia watu walisema tu huku na kule, na walielewana. Juu ya mji palikuwa na bwawa. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, malango ya bwawa yalipaswa kufunguliwa ili lisipasuke, na kabla ya malango kufunguliwa ilitakiwa ripoti ya kusema maji yatasimama wapi na nani atalowa. Ripoti hiyo tuliiandika sisi wanafunzi wa Fizikia ya Ukokotozi, kama zoezi la maabara. Usicheke. Wakubwa wa mji waliona hiyo ndiyo busara, kwa sababu kosa la mwanafunzi halina mwenyewe. Mwaka ule zamu iliniangukia mimi, Havijawa wa Kibonde, niliyelelewa na mama yangu mdogo, Tunu, katika nyumba iliyo chini kabisa, pale ardhi inapomaliza kushuka na kuanza kupanda tena.

Na wakati nao ulikuwa na tabia zake. Jua katika mji ule halikutembea, liliruka. Lilikuwa hapa, halafu lilikuwa pale, na katikati hapakuwa na kitu. Uliweza kunyanyua kikombe cha chai asubuhi ukakishusha kikiwa kitupu mchana, usikumbuke umekunywa nini wala umeongea na nani. Tulizoea. Tuliambiwa dunia inakwenda kwa hatua, na hatua za mji wetu ni ndefu kwa sababu hatuna muda wa kupoteza. Niliwahi kujiuliza nakuwa wapi mimi kati ya hatua na hatua. Nilijiuliza hivyo nikiwa mdogo, nikachapwa kwa kuchelewa shule.

Sasa nilikuwa mbele ya mashine, na mwenzangu wa maabara, Mhando, alikuwa amekaa kando yangu. Huyu Mhando ni kijana mpole, mashati yake yamenyooshwa pasi mpaka unaogopa kumgusa, na hajawahi kugombana na mtu wala na hesabu.

"Dada Havijawa, unaandika nini muda wote huo? Desa si lipo?"

"Lipo."

"Sasa?"

"Nalisoma kwanza."

"Desa halisomwi, linanakiliwa. Ukianza kulisoma utadisko, ufukuzwe chuo, ohoo, shauri yako."

Desa letu lilikuwa ripoti kuukuu iliyorithiwa darasa kwa darasa, mpaka hapakuwa na aliyejua nani aliiandika kwanza. Ulibadilisha jina na mwaka, ukaingiza kina cha maji ya bwawa, ukachapa. Nami nilikuwa tayari kufanya hivyo hivyo, sijidai shujaa. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa sehemu ya njia iliyotumika, pakabaki sentensi moja ya kunakili. Ilisema: gridi ilipunguzwa nusu na matokeo hayakubadilika.

Maana yake ni rahisi. Ukishapata jibu, unatakiwa uifanye miraba iwe midogo, nusu ya ilivyokuwa, nukta ziongezeke, halafu upige hesabu upya. Jibu likibaki lile lile, basi ni jibu la mji. Likibadilika, lilikuwa jibu la miraba yako. Kila darasa liliiandika sentensi ile, na hakuna darasa lililopunguza chochote, kwa sababu ukipunguza, mashine inachukua muda mrefu mno, na muda, kama nilivyosema, ndio kitu ambacho mji haukuwa nacho.

"Hiyo ni kama amina," Mhando akasema aliponiona nimekwama. "Unaiweka mwishoni, unafunga, unaondoka."

Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Kilichonizuia si uaminifu. Ni ubinafsi tu, ule wa mtu anayeonyeshwa picha ya harusi akaanza kujitafuta mwenyewe. Nilitaka kuona nyumbani kwetu kwenye ramani ya miraba. Nikatafuta. Nukta moja ilikuwa imekaa juu ya Kilima cha Mahakama. Nukta iliyofuata ilikuwa imekaa juu ya Kilima cha Hospitali. Kibonde kilikuwa katikati, na katikati, kama nilivyokwisha kueleza, hapana kitu. Nikaiuliza mashine urefu wa ardhi mahali pale. Ikajumlisha kilima na kilima, ikagawa, ikanijibu bila kusita. Ilikuwa imelijaza bonde lote udongo mpaka juu.

"Mhando, kwetu ni kilimani?"

"Kwenu Kibonde? Kibonde ni shimo, nani asiyejua."

"Humu ni kilima."

Akainama, akatazama kioo. "Basi hongera," akasema, "mmepanda daraja." Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Akanyoosha kola yake, ambayo ilikuwa imenyooka.

Nikatoka kwenda nyumbani. Sikuwa nimekwenda kwa muda, nilikuwa na masomo, ndivyo nilivyojiambia. Pale Mahakamani nilimkuta mama muuza vitumbua ambaye nimemjua tangu utotoni, nikamsalimia, nikamuuliza kama njia ya Kibonde bado ni ile ya nyuma ya ukuta.

"Kibonde ndiyo wapi, mwanangu?" akauliza kwa kunong'ona. Mahakamani wote hunong'ona, hujui nani yuko upande wa pili wa ukuta. "Hapa ni Mahakama. Kule ng'ambo ni Hospitali."

"Na katikati?"

"Katikati ni kati," akasema, akageuza kitumbua.

Nikapita mwenyewe nyuma ya ukuta. Njia ilikuwepo, ila macho yangu yaliiona tambarare. Ile miteremko tuliyokuwa tukiitelezea kwa makuti haikuwepo, palikuwa na ardhi sawa sawa imenyooka kutoka kilima hadi kilima. Lakini magoti yalijua. Kila hatua magoti yaliniambia tunashuka, mwanamke, tunashuka, na macho yakasema hapana. Nilikwenda hivyo, nikiwa na mwili unaobishana wenyewe kwa wenyewe, na nilianza kuogopa kabla sijafika mlangoni.

Ili uelewe nilichokikuta, lazima umjue mama mdogo Tunu alivyokuwa. Sauti yake ilifika mtaa wa tatu na haikuchoka njiani. Aligombana na mbuzi, na mvua, na redio. Alinichapa na kunibembeleza kwa mkono ule ule na karibu kwa wakati ule ule. Ukimwambia chakula hakina chumvi, siku hiyo unajipikia, na kesho yake pia. Alikuwa na mwanya mbele ambao aliuona ni mali yake kuliko nyumba. Hakufanana na mtu yeyote juu ya ardhi, na nilipokuwa mdogo nilidhani ndiyo maana alinichukua mimi, ili pawe na wawili.

Nikabisha hodi. Akafungua akiwa amevaa viatu ndani ya nyumba, kama watu wa Mahakamani, na mikono yake ilikuwa mibichi kwa kunawa, kama watu wa Hospitalini, ambao hunawa baada ya kila neno.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," akanong'ona. "Unaumwa wapi?"

Ndivyo wanavyosalimiana huko Hospitalini.

"Siumwi. Ni mimi, Havijawa."

"Ndiyo. Havijawa, au yule mwingine. Karibu."

Uso wake haukuwa na ugonjwa wala huzuni. Ulikuwa umelainishwa. Kila kilichokuwa chake peke yake kilikuwa kimesogea kuelekea kwa majirani: nyusi zimeshuka kidogo, mashavu yamepanda kidogo, na ule mwanya wake ulikuwa umeziba nusu. Niliogopa kiasi cha kutaka kukimbia. Nikafikiri nimchokoze, labda atarudi. Alinipakulia wali, nikaonja, nikasema kwa sauti kubwa kwamba wali huu, mama mdogo, una mawe.

Zamani kwa neno hilo ningekuwa nje na sahani.

"Inawezekana," akasema. "Wengine wanasema yamo, wengine wanasema hayamo." Akaenda kunawa mikono.

Nikamwambia twende ukakae na mimi chuoni, siku hizi chache tu, mpaka malango yafunguliwe na yafungwe. Akanitazama kwa upole, upole ambao hakuwahi kuwa nao.

"Kwa nini niondoke? Hapa patakuwa pakavu. Karani amepita na kipaza sauti, ametangaza ripoti."

"Ripoti gani, mama mdogo? Ripoti naandika mimi! Sijaimaliza!"

"Basi wamewahi," akanong'ona.

Sikuweza kumburuta. Nilimshika mkono, nikavuta, na mkono ukaja nusu ya njia ukaishia hapo, wala haukuwa unakataa. Mtu ambaye ni nusu ya huyu na nusu ya yule hawezi kukataa na hawezi kukubali. Nikamwacha mlangoni akinipungia, nikapanda na njia iliyoonekana tambarare, nikihema.

Niliporudi maabara nilimnyanyua Mhando kwenye kiti chake. Nilimwambia ukitaka kunakili utanakili kesho, leo tunapima. Sikuwa na imani tena na macho yangu, kwa hiyo nikaazima kwa mafundi waliokuwa wakijenga bweni jipya ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao wao huujaza maji ili wajue kama msingi uko sawa. Mhando alishika ncha moja Mahakamani, mimi nikashika nyingine na kuteremka. Macho yalisema tambarare. Maji ndani ya mpira yalikimbilia kwangu mara moja, ikabidi niinue ncha yangu juu ya kichwa yasimwagike. Tukatia alama, akashuka pale nilipokuwa, mimi nikashuka zaidi, ikawa hivyo hivyo nyumba kwa nyumba mpaka kwetu. Tulipofika chini na kujumlisha, Mhando aliketi juu ya jiwe na shati lake jeupe, akatazama juu, ambako macho hayakuona mwinuko wowote.

"Dada," akasema, "mimi nimeishi mjini hapa miaka yote. Nilijua ni shimo. Nilikuwa nalijua. Mbona nilikuwa nimeanza kusahau?"

Tukarudi. Nikaipunguza gridi nusu. Kati ya nukta ya Mahakama na nukta ya Hospitali ikazaliwa nukta mpya, nayo nikaipa urefu wa ardhi uliopimwa kwa mpira. Nikapunguza na hatua ya wakati, nikaiambia mashine ianze.

Ikaanza. Taa za maabara zilififia kidogo, feni ya mashine ikalia. Nje, jua lilianza kutembea. Watu walitoka kulitazama. Walikuwa hawajaliona likiwa katikati ya kitu chochote. Mtu mmoja aliyekuwa akipanda ngazi za jengo la utawala alisimama na mguu mmoja hewani, akautazama mguu wake unavyokwenda, akaanza kulia. Mimi nilikaa mbele ya kioo nikisubiri, na kwa kuwa hatua zilikuwa fupi nilikuwepo katika zote, na mawazo yakapata nafasi.

Nani alichora mraba wa kwanza? Kwa nini kona zake zikaangukia mahakama, hospitali, chuo, nyumba ya mkuu wa bwawa? Najikumbusha kwamba mistari ni mistari tu. Mistari haina nia. Lakini kalamu inashikwa.

Mtu akiwekwa kwenye nukta, akilia, kilio kinaandikwa. Mtu akiwa kati ya nukta, akilia, wanauliza majirani zake kama wamelia.

Mimi mwenyewe je? Nimekuwa chuoni, nukta kubwa, tangu lini? Labda ndiyo maana bado nina uso wangu. Ningebaki nyumbani ningekuwa navaa viatu ndani. Na nilivyokuwa nikimkumbuka mama mdogo kwa miezi hii yote bila kwenda, nikijaza mapengo kwa kukisia, sikuwa nami nagawa kwa mbili?

Sipendi wazo hili. Liondoke.

Halikuondoka. Mashine ndiyo iliyomaliza kwanza. Picha ya mji ikatokea kwenye kioo, vilima vikavu vya rangi ya udongo, mashamba ya chini yamepakwa samawati nyepesi, na pale katikati ya vilima viwili palikuwa na doa la buluu nzito karibu na weusi. Nikasogeza mshale juu yake nisome kina. Nikasoma mara ya pili. Maji yangesimama Kibonde juu ya paa la kila nyumba, na yangekaa.

Niliandika ripoti nzima upya, kwa maneno yangu, desa nikalitupa. Niliandika kwamba gridi ilipunguzwa nusu na matokeo yakabadilika. Niliichapa nikaipeleka kwa Mwalimu Semkiwa mwenyewe, nikampa mkononi, nikaambiwa nisubiri nje. Nilisubiri. Lazima niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nilijua nimefanya kazi halali na kwamba kazi halali ikisomwa itatenda kitu.

Akaniita ndani. Mwalimu Semkiwa ni mtu wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu, na alipokuwa akiibadilisha palikuwa na kitambo ambacho hakuona chochote, na katika kitambo hicho uso wake ulionekana umechoka sana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti, mwanangu. Nimeisoma. Ni ripoti bora kuliko zote nilizowahi kuletewa katika ofisi hii. Nimekupa alama zote."

"Ahsante, Mwalimu. Kwa hiyo malango watangoja?"

"Wangoje nini?"

Aligeuza ukurasa, akanionyesha grafu yangu. Mstari ulitoka Mahakamani ukaenda Hospitalini, laini, bila kushuka popote. Shimo langu halikuwepo.

"Palikuwa na nukta moja hapa," akasema, "iliyokuwa ikipingana na majirani zake wote. Nukta ya namna hiyo tunaiondoa, kisha tunaunganisha. Nilikufundisha mwenyewe, muhula wa kwanza."

"Mwalimu, nukta hiyo ni nyumbani kwetu."

"Najua."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida. Nilitamani angesema hajui.

"Bwawa lisipofunguliwa litapasuka," akaendelea, "hilo nalo ni kweli, na umeliandika vizuri ukurasa wa pili. Ripoti ikisema Kibonde kuna watu, watu hao lazima wahamishwe. Wakihamishwa, lazima wapewe mahali. Mahali lazima patoke kwa mtu, na mtu huyo yuko kwenye nukta, ana jina, atakuja hapa kupiga meza. Unaona? Nukta moja inazisumbua nukta zote. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, Havijawa. Usifikiri silali kwa sababu ya uzee."

"Kwa hiyo sentensi ya kwenye desa ni uongo, na chuo kinajua."

Akavua miwani. "Unadhani iliandikwa na mvivu? Aliyeiandika alipunguza gridi kweli. Mikono yake mwenyewe ilichora nukta mpya. Matokeo yakabadilika, akaleta ripoti kama ulivyoleta wewe, akarudishiwa aandike upya. Akaandika alivyoambiwa."

"Akaishia wapi?"

"Alipata kazi hapa," akasema, akaweka mkono juu ya meza yake. "Nawe nafasi yako ipo. Nimeshakuombea."

Hapo ndipo honi ya malango ilipolia. Ilikuwa alasiri, jua kali, watoto wa shule wakitoka. Nilimtazama yule mtu, nikatafuta tusi, na sikupata lolote la kumtosha, kwa sababu nilimwonea huruma, na kule kumwonea huruma kukanitia hasira zaidi. Nikaondoka bila kuaga.

Nilikimbia. Kwa kuwa wakati sasa ulikuwa wa hatua fupi, hakuna kipande cha njia nilichorukishwa. Niliona kila jiwe. Niliona wanaume wa Mahakamani wameegemea ukuta wao wakitazama upande wa bwawa, kwa utulivu, kama wanaosubiri gwaride. Niliona maji kabla sijayasikia, ulimi wa maji ya kahawia ukiingia nyuma ya ukuta, usiojua kwamba pale ni tambarare. Yakaingia, yakateremka. Na nilipokuwa nikiyafuata, macho yangu yakaanza kuona mteremko tena. Popote maji yalipopita, ardhi ilikubali kuwa ilivyo.

Nikasikia sauti nikiwa bado juu.

"Nani kaacha ndoo katikati ya njia? Nani? Mtu atavunjika mguu hapa! We baba Siwazuri, godoro hilo la nini, mchukue mama yako kwanza, godoro litanunuliwa!"

Nilishuka nikiteleza, nikaanguka, nikainuka. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Mama mdogo Tunu alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni, viatu amevitupa, na uso wake wote ulikuwa umerudi mahali pake, mwanya wazi, nyusi juu, mwanamke asiyefanana na mtu. Nilimkumbatia nikaanza kulia kwa sauti.

"Utalia baadaye," akasema, "maji hapa yapo ya kutosha. Shika mtoto huyu."

Akanipa mtoto wa jirani mgongoni. Akaingia ndani, akatoka na kamba, akaanza kumfunga bibi wa nyumba ya pili kwenye mlango walioung'oa, huku akimgombeza bibi kwa kutikisika na akiyagombeza maji kwa haraka yake. Nilikuwa sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ilikuwa furaha mbaya, kwa sababu nilijua imeletwa na nini. Maji yakafika magotini. Akanigeukia.

"Wewe si ndiye unayesoma mambo haya? Yatafika wapi?"

Nikamsogelea sikioni nikamwambia yatapita paa.

"Paa lipi?"

"Lolote la huku."

Nilimwona akitazama nyumba, moja moja, zote. Kisha akanipokonya yule mtoto, akanisukuma kwa nyonga kuelekea kwenye kinu kilicholazwa ukutani.

"Basi usininong'oneze mimi, mimi si hakimu. Panda hapo uwaambie watu."

Nikapanda. Walikuwepo wote, watu wa Kibonde, na kila mmoja alikuwa na sura yake, wamebeba masufuria, kuku, wazee, vitambulisho vya shule vya watoto. Nikasema kwa sauti niliyorithi kwake. Nikasema maji yatapita paa, yatakaa, msiingie ndani, msipande darini, acheni vitu. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyeniuliza nimetumia gridi gani. Hakuna aliyeniambia kwamba napingana na majirani.

Baba Siwazuri, mama yake begani, akauliza kwa niaba ya wote.

"Tumekuelewa, dada. Sasa tupandie wapi? Njia ya Mahakama ndiko maji yanakoingilia, ya Hospitali wameweka uzio. Wewe umeyapigia hesabu maji haya. Tutokee wapi?"

Wakanyamaza wanisikilize, hata mama mdogo akanyamaza. Maji yalikuwa yameanza kukitikisa kinu nilichosimama juu yake. Ripoti ilitaka kina cha mwisho tu, nami kina hicho nilikuwa nimekipata mpaka sentimita ya mwisho. Njia ya watu kutokea sikuikokotoa.